Zamu ya Dirishani

4 Februari

Mdogo wangu,

Salaam sana. Natumai hujambo na kazi zako zinakwenda. Huku mimi sijambo. Mama ndiye wa kusemea kidogo, maana miguu imemkataa kabisa na sasa hata kusimama mpaka nimshike.

Nakuandikia kama watu wa zamani kwa sababu umebadilisha namba ya simu na mpya hukumpa mtu wa ukoo hata mmoja. Kwenye kile kikaratasi ulichonitumia ulisema simu zangu zinakuharibia siku. Haya, karatasi haipigi kelele. Barua nitakuwa nampa dereva wa basi la asubuhi, hii ya kwanza akuletee mlangoni, nyingine uchukue mwenyewe pale kwenye ofisi yao ya vifurushi.

Baada ya kumzika Baba tulikubaliana, mbele ya shangazi, kwamba Mama atakaa nusu mwaka kwangu na nusu mwaka kwako. Nusu yangu imekwisha zamani, na yako nayo inakaribia kwisha hajakanyaga kwako. Sisemi nimechoka kumlea mama yangu. Nasema nyumba yangu unaijua. Niko chini kabisa, jengo la jirani limetuziba, na chumba anacholala Mama hakina dirisha, kina kitundu tu cha hewa juu ya mlango. Daktari amesema mifupa yake inataka jua, akalishwe juani kila asubuhi. Peke yangu siwezi kumbeba kupita zile ngazi za mlangoni. Wewe uko juu, lifti ipo, na kile chumba chako cha mbele jua linaingia tangu linapochomoza.

Mlango ukigongwa huwa anauliza kama ni wewe umemfuata.

Niambie siku. Gari nitatafuta mimi.

Dada yako


19 Februari

Dada,

Shikamoo. Nifikishie shikamoo kwa Mama pia. Mimi mzima, nimebanwa tu. Barua nimeipata, na mwandiko wako bado ule ule wa kishonaji, mistari imenyooka mpaka mtu anaogopa kukosea kusoma.

Kuhusu chumba cha mbele: hujakiona tangu nianze kazi hii. Siyo chumba tena, ni wodi ya maua. Mimi natunza maua ya ndani ya maofisi. Watu wa ofisini wanapenda kuona majani ya kijani karibu na meza zao, lakini hapo mezani hakuna jua, kuna taa za dari na kiyoyozi. Ua likikaa huko mwezi linaanza kurefusha shingo likitafuta mwanga, majani yanapauka, mwisho yanadondoka. Kabla halijafika huko naenda nalitoa, naweka pacha wake aliyenenepa, na mkubwa wa ofisi hajui kama kuna kilichobadilishwa. Lile lililochoka nalileta dirishani kwangu, nalipangusa majani kwa kitambaa kibichi, nalizungusha kidogo kidogo lisipinde upande mmoja, linapumzika mpaka zamu yake ifike tena. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, zamu. Dirisha ni moja na maua ni mengi. Nikiweka kitanda pale, yanayorudi nitayaweka wapi, kichwani?

Na nikwambie kitu nilichojifunza. Ua halifi kwa kukaa gizani mwezi mmoja au miwili. Linanyong'onyea tu, halafu likipewa mwanga linarudi kama halikuwa lenyewe. Mama naye avumilie mpaka Aprili, nikishakabidhi maua ya jengo jipya nililopata.

Halafu Dada, samahani, chumba chako wewe cha mbele si kina dirisha? Yaani cherehani inaona jua na Mama haoni?

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Salaam. Mimi mzima. Mama leo amekula kidogo. Barua yako aliiona mkononi mwangu akataka nimsomee, nikamsomea yote, na habari za maua kurefusha shingo. Alicheka. Amesema ulipenda majani tangu unatambaa, kazi ilikuwa kukutoa majani mdomoni.

Cherehani iko dirishani kwa sababu uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi hauonekani kwa taa. Hiyo ndiyo inayonunua dawa. Nikiitoa hapo tutakaa sote wawili tukiota jua kama mijusi, na njaa yetu. Ungeliona hilo ni la maana, ungeshakuja kunisaidia kuihamisha.

Asubuhi ananiuliza kama kumekucha. Namwambia kumekucha, Mama. Chakula cha mchana kikifika ananiuliza tena. Nikichelewa kujibu analia kimya kimya, anajifunika shuka usoni nisione.

Umesema Aprili. Nimemwambia Aprili.

Dada yako


23 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumai wewe na Mama hamjambo. Mimi sijambo ila mgongo unanivunjika kwa kupandisha vyungu.

Najua Aprili inaisha, usinianzie. Jengo jipya wameongeza sakafu mbili, na kila sakafu wanataka maua kwenye korido, ambako ndiko hakuna mwanga kabisa. Kwa hiyo yanachoka haraka na yanarudi mengi zaidi. Sasa hivi dirishani nimeyapanga kwa rafu, yaliyo na hali mbaya juu, yenye nafuu chini. Nikitoa hata moja ratiba yote inaharibika.

Lakini sijakaa bure. Kwenye kifurushi hiki kuna taa ya kukuzia maua. Siyo taa ya kawaida, hii inatoa mwanga unaofanya kazi ya jua. Yale ninayoyaweka chini ya ngazi yanaishi kwa taa hii hii na yanachipua. Itundike juu ya kitanda cha Mama, urefu wa mkono kutoka kichwani. Washa asubuhi, zima jioni. Naona hiyo itamtosha kwa muda, na wewe utapumzika na malalamiko.

Mdogo wako


5 Mei

Mdogo wangu,

Salaam. Taa imefika haijavunjika.

Nimeitundika kama ulivyosema. Mwanga wake ni wa zambarau. Mama akikaa chini yake anakuwa zambarau mpaka meno. Jirani alichungulia akaniuliza kama nimefungua baa.

Mama yeye amekushukuru. Alikaa chini ya taa ile kutwa nzima, kafumba macho, uso kauinua, anasema mwanangu ameniletea jua. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje, nikalia kwa hasira. Nilitaka nije huko nikuburute kwa nywele, ila sina wa kumwachia.

Ana kikohozi sasa. Hali kitu ila supu, kijiko kwa kijiko, na kingine anarudisha. Daktari amekuja, amesema hapa ndani si pa kulaza mgonjwa. Nimemjibu kuna binti mwingine mwenye dirisha.

Ninakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu tuzaliwe, ukumbuke hilo. Mpe mwezi mmoja tu dirishani kwako.

Dada yako


17 Mei

Dada,

Shikamoo. Nina haraka.

Maua yananilipia kodi ya nyumba. Mama hanilipii chochote. Nimelisema, sasa nuna. Kila nikifungua bahasha yako nakuta machozi, na mimi siku yangu inaharibika, nakwenda ofisi za watu nimevimba macho. Mama ni mtu mzima, ameliona jua miaka mingi kutuzidi sote wawili. Mwache hapo hapo alipozoea. Mwezi ujao tutaona, au ule mwingine.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Mdogo wako


20 Juni

Dada,

Shikamoo. Hujambo? Mama je, kikohozi kimepungua? Nilikukataza kuandika na kweli hukuandika. Nilidhani utanipuuza kama kawaida yako. Kila nikipita pale kwenye vifurushi nauliza, wananiambia hakuna chako.

Nilianguka. Nilipanda kigoda nimwagilie yale ya kuning'inia, kigoda kikateleza, mguu ukavimba kama boga. Nililala pale pale chumba cha mbele, sakafuni katikati ya vyungu, simu iko jikoni. Jua lilinipiga usoni asubuhi nzima. Nimezungukwa na majani yaliyonyweshwa yakashiba, na mimi mwenyewe kiu inaniua na hakuna wa kunipa maji. Nikamwita Mama. Kwa sauti, Dada, kama mtoto mdogo. Mlinzi wa jengo ndiye aliyenisikia, na ilikuwa mchana.

Nilipokuwa pale chini niliona kitu kimoja tu, kwamba yeye amelala hivyo tangu mwaka jana na mimi namtumia taa.

Nimekosa. Mlete. Nitasogeza maua, nitaweka kitanda pale anapopataka. Au nije mwenyewe nikishaacha fimbo hii. Msomee barua hii, na ile iliyopita ichane kama hujamsomea. Mwambie kifungamimba wake anamwita.

Mdogo wako


1 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Salaam nyingi sana na pole ya mguu. Mimi sijambo kabisa. Mama anakusalimu, naye anakupa pole. Alishtuka kusikia umeanguka. Nimemsomea barua yako yote, akafurahi mpaka akajiinua mwenyewe kitandani.

Ila usije kumchukua. Wewe una fimbo na yeye hana miguu, nani atambeba mwenzake? Nitamleta mimi siku chumba kikiwa tayari. Na nikisema tayari, nataka tayari ya kweli. Ana kifua, na vyungu vyako vina udongo mbichi na unyevu. Amesema hataki kulala katikati ya maua. Toa yote chumba kile. Paka rangi nyeupe ukutani. Kitanda kiwe ubavuni mwa dirisha, siyo miguuni, ili jua limpate mwili mzima.

Ukimaliza niandikie. Safari hii nitajibu upesi.

Dada yako


18 Julai

Dada,

Shikamoo, na ya Mama mfikishie. Mguu umepona kiasi cha kuchechemea.

Nimefanya yote. Vyungu vimejaa kibarazani, jikoni, kwenye korido. Kwenda chooni napita ubavu ubavu. Yanayorudi kutoka ofisini yamekosa pa kupumzikia, yanageuka manjano. Nikawarudishia hivyo hivyo yamechoka, maana zamu ni zamu na mengine sina. Katibu wa mkurugenzi akaniuliza kama nimewaletea ua au ufagio. Nikaliweka mezani nikaondoka. Siku zingine ningemjibu.

Chumba ni cheupe sasa, asubuhi kinaumiza macho. Godoro nimenunua jipya, si gumu si laini. Nimekuwa nikifikiri pia tusimpeleke juani siku ya kwanza. Ua likitoka gizani ukaliweka kwenye jua moja kwa moja linaungua majani. Nitamweka kwanza karibu na mlango, halafu namsogeza taratibu, mpaka azoee. Usicheke, ndivyo ninavyojua kufanya.

Muulize analalia mto mmoja au miwili. Nimesahau, na nimeona aibu kusahau.

Mdogo wako


30 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Salaam. Hatujambo.

Miwili, wa kichwa na wa mgongo.

Lakini nilipomsomea kwamba maua yako jikoni na kibarazani alikunja uso. Anasema nyumba ni moja na hewa ni moja. Anasema kama maua huwezi kuyaacha, basi yeye ataacha kuja, usijisumbue. Hayo ni maneno yake, mimi ni wa kuandika tu. Unajua mwenyewe kwamba mara ya kwanza ulichagua maua, sasa anataka kuona mara ya pili utachagua nini.

Dada yako


21 Agosti

Dada,

Shikamoo. Natumai mko wazima wote wawili. Mimi mzima na nina furaha, sijui hata niiseme vipi.

Nimechagua. Hakuna chungu hata kimoja ndani ya nyumba hii. Yaliyokuwa mazuri nimewagawia majirani, ya manjano nimeyamwaga kwenye pipa la taka huko chini. Ile kazi ya jengo jipya imekwisha. Wamempa mtu mwingine mwenye dirisha lake. Za nyuma nazo zimekwenda, maana ofisi hizi zinasikilizana. Nilidhani nitalia. Nilifagia udongo uliobaki, nikaoga, nikalala vizuri. Kazi nitatafuta nyingine ya kufanyia nyumbani, Mama akiwa amesinzia.

Asubuhi huwa nakaa kwenye kitanda chake kupima jua. Linaanza kwenye mto, linashuka kifuani, likifika magotini linakaa sana, halafu linaondoka. Nimeweka kiti changu pembeni. Hapo ndipo nitakapomsuka nywele. Nina mengi ya kumwambia. Mengine ni ya kuomba radhi na mengine upuuzi mtupu, habari za wakubwa wa ofisini wanaoongea na maua wakidhani hakuna anayewasikia. Nataka nimchekeshe.

Jirani wa mlango wa pili ana mama yake naye, ameniambia nitachoka. Nimemwambia naomba nichoke.

Nawe Dada, siku ukimleta usiondoke siku hiyo hiyo. Kaa. Nitalala sakafuni, nyie mlale. Tumekuwa wajinga muda mrefu sana mimi na wewe.

Niambie siku. Nitashuka niwasubiri nje getini.

Mdogo wako


2 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Sikuulizi hali, umeshaniambia una furaha.

Mama alikufa mwezi wa Mei, mwisho mwisho. Tulimzika kesho yake karibu na Baba. Watu walikuwa wachache na mvua ilinyesha.

Barua yako ile ya haraka nilimsomea, kama nilivyomsomea zote. Ningeweza kuruka ile sentensi ya kodi ya nyumba. Zilizotangulia nilikuwa naruka, nakutilia maneno mazuri mdomoni, namwambia unamuulizia, unamlilia, maua tu ndiyo yamekubana. Nilichoka kukupamba. Nikamsomea ilivyo, neno kwa neno, mpaka pale uliposema ameliona jua miaka mingi. Akaniuliza kama ni wewe kweli umeandika. Nikamwonyesha mwandiko. Akageukia ukutani, na supu hakuitaka tena. Usije ukafikiri kilimuua kikohozi.

Ulipoandika kwamba umeanguka na unamwita, udongo wa kaburi ulikuwa bado haujatulia. Nilisoma nikiwa nimesimama pale pale kwenye ofisi ya vifurushi ya huku, na nikasikia raha. Raha kabisa, mdogo wangu, mwili mzima, sijaipata tangu Mama augue. Nilijua nimekushika. Nilitaka umngoje mtu asiyekuja. Yeye alikungoja wewe mwaka mzima, kila mlango ukigongwa, na mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango na kurudi kumwambia siyo wewe. Kila ulipoandika umetoa vyungu, nilisoma mara mbili. Lile la kumsogeza taratibu asiungue lilinichoma, nakiri. Karibu nikwambie siku ile. Nikaweka kalamu chini mpaka likapita.

Ya kwamba ana kifua, hataki maua, anataka kuona utachagua nini, hayo yote ni yangu. Yeye maua aliyapenda. Alikuwa amesema akifika kwako utamwachia angalau chungu kimoja karibu na kitanda, akitunze mwenyewe.

Hapa nilipo sasa nina nafasi ya kutosha, na sitaki mtu. Ukija hutanikuta, na ukinikuta sitafungua.

Shangazi usimlaumu. Siku ya mazishi aliniuliza mbona huonekani, nikamwambia barua nimeshakuandikia. Juzi ndiyo amejua ukweli, akakaa chini akashika kichwa. Amesema hata adui hafanyiwi hivi, na hatakanyaga kwangu mpaka nikuombe radhi kwa maandishi. Nimemwahidi kwamba nitakuandikia. Hii ndiyo barua yenyewe.

Dada yako